Mafunzo ya Walinda Amani kwa Njia ya Kompyuta: Manufaa, Mipaka na Wajibu Wetu

(Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei katika semina ya Haki na Amani)





Huenda wengine wenu mlipoiona mada hii kwenye ratiba mlijiuliza inahusiana vipi na maisha ya parokia. Kompyuta ni mambo ya maofisini, na ulinzi wa amani ni mambo ya majeshi na Umoja wa Mataifa. Sisi nasi tungaliweza kufikiri hivyo, kama si swali tuliloulizwa na mama mmoja ambaye mwanawe ni askari. Alitusimamisha baada ya ibada akasema: "Mwanangu ameniambia amemaliza masomo ya kulinda amani, nayo aliyasomea kwenye simu. Ninyi wa Haki na Amani, hebu niambieni: hivi simu inaweza kumfundisha mtu kumlinda mwenzake?"

Hatukuwa na jibu la papo hapo. Tulimwomba atupe muda, tukasoma, tukauliza wanaojua, tukajadiliana. Mada hii ndiyo jibu letu kwake, na tumeona ni vema tulitoe mbele yenu nyote, kwa kuwa vijana wanaovaa kofia za buluu wametoka katika nyumba zetu, na vijiji wanakokwenda kulinda vinafanana sana na vijiji vyetu.

1. Kazi ya mlinda amani

Umoja wa Mataifa ulianza kupeleka walinda amani mwaka 1948. Tangu hapo zaidi ya watu milioni 2, wanajeshi, polisi na raia, wamefanya kazi hiyo, na zaidi ya 4,000 wamepoteza maisha wakiwa kazini. Kazi hii ina kanuni tatu za msingi: kuwepo kwa ridhaa ya pande zinazohusika, kutopendelea upande wowote, na kutotumia nguvu isipokuwa kwa kujihami na kutetea jukumu lililokabidhiwa. Tangu mwaka 1999, Baraza la Usalama lilipopeleka walinda amani Sierra Leone, limeongezeka agizo zito zaidi, nalo ni kuwalinda raia walio katika hatari ya kuuawa.

Tutafakari ugumu wa jambo hili. Askari tangu siku ya kwanza ya uanajeshi wake hufundishwa kumtambua adui na kumshinda. Sasa anapelekwa mahali ambapo mara nyingi haambiwi adui ni nani. Anayemkuta njiani na bunduki huenda ni mwizi, huenda ni mkulima anayelinda mji wake, huenda ni mtoto aliyetekwa akalazimishwa kupigana. Anatakiwa aamue kwa dakika chache, katika nchi ngeni, tena pengine kwa lugha asiyoijua. Uamuzi huo ukiwa sahihi, kijiji kinalala salama. Ukikosewa, yanachimbwa makaburi.

Kwa sababu hiyo mafunzo ya mlinda amani si jambo la kupuuzwa. Na ifahamike kwamba, kwa utaratibu wa Umoja wa Mataifa, nchi inayotoa askari ndiyo yenye wajibu wa kuwafundisha kabla ya safari. Umoja wa Mataifa hutoa mtaala wa msingi. Mtaala huo, uliorekebishwa mwaka 2017, una sehemu tatu: maelezo ya jumla kuhusu ulinzi wa amani, majukumu yenyewe, yakiwamo haki za binadamu, ulinzi wa raia na ulinzi wa watoto, na mwenendo wa kila mmoja anayetumwa. Lakini atakayesimama mbele ya askari na kuufundisha ni nchi yake. Jambo hili tulishike vizuri, maana tutalirudia tutakapofika kwenye wajibu wetu.

2. Kutoka bahasha ya posta hadi kompyuta

Zamani si nyingi, wengi walikwenda kulinda amani bila maarifa ya kutosha juu ya mahali wanapokwenda. Jenerali Roméo Dallaire wa Canada, aliyeongoza kikosi cha Umoja wa Mataifa nchini Rwanda, ameeleza kwamba alipokuwa akijiandaa kwa safari hiyo mwaka 1993, alichoweza kupata ni ramani ya watalii na maelezo ya jumla ya vitabuni. Miezi michache baadaye alijikuta katikati ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994.

Ilionekana kwamba ni lazima elimu iwafikie watu wengi kwa haraka. Mwaka 1995 Taasisi ya Umoja wa Mataifa ya Mafunzo na Utafiti ilianzisha masomo ya ulinzi wa amani kwa njia ya posta, chini ya uongozi wa Profesa Harvey Langholtz. Utaratibu ulikuwa ule ule ambao wazee wetu waliosoma kwa njia ya posta wanaujua: unaletewa kijitabu, unasoma usiku kwa taa, unajibu mtihani, unaurudisha kwa bahasha, unangoja cheti. Baadaye kijitabu kikaanza kutumwa kwa barua pepe, kisha masomo yote yakawekwa kwenye mtandao wa kompyuta. Kazi hiyo leo inafanywa na taasisi inayojitegemea, Peace Operations Training Institute, yenye makao yake Williamsburg katika jimbo la Virginia, Marekani. Ilikuwapo pia programu maalumu iliyowawezesha walinda amani wa Afrika kusoma bila kulipa ada.

Mambo hayakuishia kwenye kusoma na kujibu mtihani. Kati ya mwaka 2016 na 2019, Chuo cha Trinity cha Dublin, Ayalandi, kiliongoza mradi uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya wa kutengeneza mchezo wa kompyuta kwa walinda amani. Mwanafunzi hupewa nafasi ya mtu fulani ndani ya mchezo, hukutana na wanakijiji, wanajeshi wa nchi nyingine na wafanyakazi wa misaada, na hulazimika kuchagua la kusema na la kutenda. Shabaha yake ni kumfundisha kuzungumza, kushirikiana na kuheshimu mila za wengine.

Hapa kwetu Afrika Mashariki, Umoja wa Mataifa ulianzisha mwaka 2015 chuo cha mawasiliano huko Entebbe, Uganda, ambacho huwafundisha walinda amani kutumia vyombo vya mawasiliano na teknolojia. Ujuzi huo unahitajika, kwa kuwa kazi yenyewe imebadilika. Desemba 2013, huko Goma, Umoja wa Mataifa ulirusha kwa mara ya kwanza ndege zake zisizo na rubani katika ulinzi wa amani, ili zipeleleze kutoka angani. Askari wa leo anatakiwa ajue kusoma picha hizo kama alivyotakiwa askari wa jana kujua kusoma ramani.

Halafu ukaja ugonjwa wa korona. Aprili 2020 Umoja wa Mataifa ulisimamisha kwa miezi kadhaa mabadilishano ya vikosi, na katika nchi nyingi madarasa yalifungwa. Mafunzo kwa njia ya mtandao, yaliyokuwa nyongeza tu, kwa muda yakawa ndiyo njia pekee iliyobaki.

3. Manufaa yake

Si haki kuidharau njia hii. Inayo manufaa, na tuyataje kwa uwazi.

Kwanza, inafika mbali. Vyuo kama kile cha Karen, Nairobi, kile cha Musanze nchini Rwanda, na Kituo cha Kofi Annan huko Accra, Ghana, vina nafasi za viti kadhaa tu kila kozi. Masomo ya mtandaoni yanaweza kuwafikia maelfu kwa wakati mmoja, pamoja na askari wa cheo cha chini ambaye hangeteuliwa kwenda Accra.

Pili, inampa mtu nafasi ya kurudia. Aliyeshindwa kuelewa darasani huona aibu kuuliza mara ya tatu, lakini kompyuta haichoki wala haimcheki.

Tatu, inawafungulia mlango wanawake. Tangu azimio namba 1325 la mwaka 2000, Baraza la Usalama limesisitiza kwamba wanawake washirikishwe katika kazi ya amani. Hata hivyo, mama mwenye mtoto mchanga hawezi kwa urahisi kuacha nyumba wiki sita kwenda chuoni. Anaweza kuanza masomo akiwa nyumbani, na sehemu ya vitendo akaimalizia kambini.

Nne, inaokoa maisha ya askari wenyewe. Kutambua dalili za bomu lililotegwa barabarani, kumfunga jeraha mwenzako anayevuja damu, kutoa taarifa kwa redio kwa utaratibu unaoeleweka: haya yote yanaweza kuonyeshwa kwa picha zinazotembea vizuri kuliko kwa maneno. Wengi wetu tunakumbuka tarehe 7 Desemba 2017, kambi ya Semuliki katika Kivu ya Kaskazini iliposhambuliwa na askari wa Tanzania wasiopungua 14 wakauawa. Uchunguzi maalumu wa Umoja wa Mataifa uliofuata ulitaja, pamoja na matatizo ya uongozi na kukosekana kwa mpango wa kuwaokoa, upungufu katika mafunzo. Kwa familia zilizopokea majeneza, neno "upungufu katika mafunzo" si neno la ofisini. Njia yoyote inayoweza kupunguza upungufu huo haina budi kupokewa kwa shukrani.

4. Mahali ambapo mashine hukoma

Baada ya kusema hayo, turudi kwa mama na swali lake. Yeye hakuuliza kama simu inaweza kufundisha. Aliuliza kama inaweza kufundisha kumlinda mwenzako. Tumeona kwamba jibu linapatikana katika matukio matatu yaliyotokea mashariki mwa Kongo, kwa watu wanaozungumza lugha yetu hii ya Kiswahili.

Tukio la kwanza ni la Kiwanja, katika wilaya ya Rutshuru. Tarehe 4 na 5 Novemba 2008, watu wapatao 150 waliuawa na waasi, wengi wao wakitolewa majumbani mwao. Kambi ya walinda amani ilikuwa umbali usiofika kilomita 2. Walikuwapo askari, yalikuwapo magari na silaha. Lakini hawakuwa na mkalimani. Watu walioogopa hawakuweza kueleza walichokiona, na askari hawakuelewa yaliyokuwa yakitendeka karibu na ua wao.

Kutokana na msiba huo, Umoja wa Mataifa uliajiri wenyeji wa Kongo wakae karibu na kambi, wawe kiungo kati ya askari na vijiji. Aidha, uliweka mitandao ya tahadhari: watu fulani katika vijiji walipewa simu za mkononi ili wapige mara tu hatari inapotokea. Hapa teknolojia ilitumika kwa hekima, maana ilisikiliza kilio cha watu.

Lakini tazameni tukio la pili. Usiku wa tarehe 6 Juni 2014, huko Mutarule katika Kivu ya Kusini, watu wasiopungua 30, watoto wakiwamo, waliuawa, wengi wao wakiwa wamekusanyika nje kwa ibada. Walinda amani walikuwa kilomita chache tu kutoka hapo. Safari hii simu zilipigwa, habari zikafika. Hata hivyo askari hawakwenda usiku ule, walifika kulipokwisha kucha. Kule Kiwanja maneno hayakufika. Huku Mutarule maneno yalifika, miguu haikuondoka.

Tukio la tatu linatia aibu zaidi. Mwaka 2004, huko Bunia katika Ituri, wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walikuta kwamba baadhi ya walinda amani waliwatumia wasichana wadogo kwa tendo la ndoa, wakiwapa chakula au dola moja mbili. Palikuwapo hata waliopewa mayai mawili. Wakati huo kanuni ilikwisha kuandikwa: Oktoba 2003 Katibu Mkuu alikuwa ametoa waraka unaokataza kabisa kutoa fedha, kazi au chakula kwa ajili ya tendo hilo, na unaokataza kumgusa yeyote aliye chini ya miaka 18, hata kama sheria ya nchi inasema vingine. Tuhuma za namna hii ziliendelea kusikika miaka iliyofuata, na tusifiche: ziliwagusa pia askari waliotoka katika nchi zetu za Afrika Mashariki. Leo kila anayetumwa hutakiwa kufundishwa juu ya jambo hili, na yapo masomo ya lazima mtandaoni yenye mtihani mwishoni. Ni hatua njema. Lakini ni nani kati yetu asiyejua kwamba mtu anaweza kulijibu swali vizuri mchana, na usiku akatenda kinyume?

Kutokana na matukio haya tunajifunza kwamba kuna mambo matatu ambayo mashine peke yake haiyawezi.

La kwanza ni kusikiliza. Masomo mengi ya mtandaoni yameandikwa kwa Kiingereza na Kifaransa na lugha chache nyingine za kimataifa. Askari wa Kenya au Tanzania anayekwenda Kongo anajifunza kwa Kiingereza namna ya kuongea na watu ambao wanazungumza Kiswahili kama yeye! Na hata Kiswahili chenyewe kinahitaji sikio. Bibi wa Rutshuru atasema "batoto" pale tunaposema watoto, na fedha ataziita "makuta". Anayemcheka kwa sababu ya maneno hayo amekwisha kumfunga mdomo.

La pili ni ujasiri wa kutenda. Kwenye mchezo wa kompyuta, ukikosea unaanza upya, na waliokufa wanafufuka. Kule hakuna kuanza upya. Kuondoka kambini usiku, katika giza na mvua, kwa ajili ya watu usiowajua, ni jambo linalojengwa kwa mazoezi ya pamoja, kwa maofisa wanaotangulia mbele, na kwa amri zilizo wazi kabla ya siku ya hatari.

La tatu ni dhamiri. Mtihani hupima kama mtu anaijua kanuni. Haupimi kama ameipokea moyoni. Tena upo udanganyifu mdogo mdogo ambao kila mwenye kusoma kwa njia hii anaujua: kubonyeza kurasa bila kusoma ili kuufikia mwisho, au kumwomba rafiki ajibu mtihani. Cheti kinatoka na jina la mtu, naye hajui kilichoandikwa ndani ya somo. Tunaogopa sana siku ambayo nchi zitaona rahisi kukusanya vyeti, zikayaacha mafunzo ya vitendo kwa kuwa ni ghali.

Jambo jingine lisisahauliwe. Simu inayofundisha ndiyo hiyo hiyo inayoeneza uvumi. Julai 2022, huko Goma na Butembo, maandamano dhidi ya walinda amani yalileta vifo vya makumi ya watu, raia na walinda amani pia. Watu walikuwa na uchungu wa kweli, kwa kuwa miaka mingi walikuwa wakiuawa huku walinzi wapo. Lakini juu ya uchungu huo zilimwagwa habari za uongo zilizopitishwa kwenye simu. Mlinda amani wa leo lazima afundishwe namna ya kujibu uvumi kwa ukweli na kwa uvumilivu, wala si kwa risasi. Na raia naye lazima afundishwe kuuliza: habari hii imetoka wapi?

5. Fundisho kutoka katika historia yetu wenyewe

Je, basi tuikatae njia hii? Hapana. Sisi Watanzania tunayo kumbukumbu inayoweza kutuongoza, nayo haikutoka ng'ambo.

Wazee mliopo hapa mnaikumbuka kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilitumia radio kufundisha kuhusu malaria, kichocho, maji na vyoo. Radio kwa wakati ule ilikuwa teknolojia mpya vijijini, kama ilivyo kompyuta leo. Lakini waliopanga kazi ile hawakuiachia radio ifundishe peke yake. Waliwaandaa maelfu ya viongozi wa vikundi. Watu walikusanyika chini ya mti au darasani, wakasikiliza kipindi pamoja, wakasomewa kijitabu, wakajadiliana: hapa kwetu tatizo hili lipo? Tufanye nini? Kisha wakaondoka na majembe kwenda kuchimba vyoo na kufyeka majani. Watu wapatao milioni 2 walishiriki.

Tuone siri yake. Radio ilileta maarifa, kikundi kikayageuza yakawa maarifa ya hapo, na mikono ikayageuza yakawa tendo. Kingekosekana kimoja kati ya hivyo vitatu, kampeni ingekuwa maneno ya hewani tu.

Tunaamini kwamba mafunzo ya walinda amani yafuate njia hiyo hiyo. Somo la mtandaoni liwe mlango, lisiwe nyumba. Askari asome kanuni kwenye simu yake kabla ya kufika chuoni. Akifika, muda wa darasani usitumike kumsomea yale yale, bali utumike kwa mambo ambayo simu haiyawezi: kujadili na wenzake, kufanya mazoezi ya usiku, kuketi na mtu aliyewahi kukimbia vita akamweleza jinsi mlinda amani anavyoonekana machoni pa raia. Mafunzo yasomwe kwa vikundi pale inapowezekana, wala si kila mmoja na simu yake pembeni. Baadhi ya masomo yaandikwe kwa Kiswahili. Na mtihani wa mwisho usiwe wa kuchagua jibu kwenye kioo cha simu tu, bali aulizwe mdomo kwa mdomo: umepigiwa simu saa nane za usiku na mama anayelia, utafanya nini?

6. Wajibu wetu sisi walei

Huenda mtu akasema: haya yote ni ya wakubwa, sisi tutafanya nini? Ndiyo maana tulisema tulishike lile neno kwamba nchi inayotoa askari ndiyo inayowafundisha. Nchi hiyo ni yetu, na wanaoiongoza tumewachagua sisi. Kwa hiyo yapo mambo tunayoweza kufanya.

Kwanza, tuwaulize wabunge wetu, kwa heshima na bila woga, vijana wanaokwenda kulinda amani wanafundishwa kwa muda gani na kwa njia gani. Hatuombi siri za jeshi. Tunauliza kama mtoto wetu amefanya mazoezi au amepewa cheti tu.

Pili, tuwalee watoto wetu kabla jeshi halijawachukua. Kijana aliyezoea nyumbani kuona mama yake na dada zake wanaheshimiwa hatahitaji kompyuta imfundishe kwamba binti mwenye njaa hanunuliwi kwa mayai mawili. Na yule asiyelelewa hivyo, somo la saa moja halitamgeuza.

Tatu, tuwapokee wanaorudi. Wengi wamerudi na majeraha yasiyoonekana, na wanakaa kimya. Jumuiya zetu ziwatembelee, ziwasikilize. Wao ndio vitabu hai. Aliyewahi kusimama Beni au Rutshuru anaweza kuwafundisha vijana mambo ambayo hakuna somo la mtandaoni linayajua.

Nne, tuanze na simu zetu wenyewe. Tunazungumza juu ya teknolojia ya amani kule Kongo, lakini hapa hapa kwetu, wakati wa uchaguzi au wa ugomvi wa mashamba, ni mara ngapi tumepitisha ujumbe wa kuwatukana watu wa dini nyingine au kabila jingine bila kuuliza ukweli wake? Anayepitisha uchochezi ni mshiriki wake.

7. Hitimisho

Ndugu zetu, tulimrudia yule mama na jibu letu. Tulimwambia: simu inaweza kumfundisha mwanao jina la kijiji, sheria inayomlinda mwanakijiji, na namna ya kutoa taarifa. Lakini kuondoka kambini usiku kwenda kwake, na kutomdhuru atakapomfikia, hayo anajifunza kwa watu: kwako wewe uliyemlea, kwa maofisa wake, kwa wenzake, na kwa wale anaokwenda kuwalinda kama atakubali kuwasikiliza.

Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi akija likizo nitamuuliza mwenyewe, si cheti chake." Tuliona kwamba mama huyo alikuwa ameielewa mada yetu kuliko sisi tulioiandika. Nasi tunawaombeni mkawe waulizaji wa namna hiyo, kila mmoja katika jumuiya yake.



Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Katika jumuiya yetu yupo mtu aliyewahi kwenda kulinda amani, au aliyewahi kukimbia vita? Je, tumewahi kumketisha tukamsikiliza?

2. Kule Kiwanja maneno hayakufika, na kule Mutarule maneno yalifika lakini watu hawakuondoka. Je, hapa kwetu kuna vilio ambavyo havijatufikia? Na kuna vilivyotufikia ambavyo hatujaviitikia?

3. Kampeni ya "Mtu ni Afya" ilitumia radio, kikundi na majembe. Tukitaka kutumia simu kufundishana juu ya haki na amani katika parokia yetu, kikundi chetu kitakuwa kipi, na majembe yetu yatakuwa yapi?

4. Tukutane tuandike swali moja la kumpelekea mbunge wetu kuhusu mafunzo ya vijana wetu wanaotumwa kulinda amani. Nani atalipeleka, na lini?